Kaka, Upo?

Zima mlio wa simu yako kwanza. Ikilia katikati ya hadithi hii ukatupa kikombe ulichoshika, mimi silipi.

Ilikuwa saa nane mchana, saa ambayo watu wazima wanasinzia na watoto wanaiba sukari, pale mstari mmoja kwenye kompyuta ya Beichee ulipobadilika rangi. Kwa mwaka mmoja na miezi minne ulikuwa mwekundu. Ukawa kijani. Ni hilo tu. Hakuna mlango uliojifunga wala paka aliyelia. Lakini Beichee, aliyekuwa ameweka miguu mezani, aliishusha mmoja mmoja, polepole, kama mtu aliyeona nyoka chini ya kiti.

"Mama Kipusa," alimwita mkewe. "Hebu acha cherehani kidogo."

"Nina gauni la watu la saa kumi."

"Kaka amejibu."

Cherehani ikanyamaza. Kaka alikuwa amekufa.

Twende taratibu, maana najua wengine mnasoma huku mnatafuna. Beichee alikuwa fundi wa seva. Usikunje uso, ni kitu chepesi. Seva ni kompyuta isiyo na kioo wala mtu wa kuikalia mbele, inakesha katika jengo lenye baridi nchi za mbali, ikitunza mambo ya watu: duka la dawa limeweka humo orodha ya dawa, shule imeweka humo matokeo ya mitihani. Matajiri wananunua zao. Wenye haraka wanakodi kipande, wanabanana sita kwenye mashine moja kama wapangaji wenye choo kimoja. Beichee alikodi mashine nzima, peke yake, na kwa bei ya kutupa. Ndiyo maana wakamwita Beichee, na jina alilipenda mpaka akalichapisha kwenye fulana.

Siri ya bei hiyo ilikuwa hivi. Kampuni aliyokodi kwake ilikuwa na mashine kuukuu, zilizochokwa na wateja wa maana, ikazitoa kwa bei chee. Tatizo ni kuzipata. Ikitokea moja kwenye ukurasa wao, "ipo", dakika tatu baadaye "haipo". Watu wanazivizia kama viti vya mbele harusini. Huwezi kukaa ukitazama ukurasa siku nzima, utaota mizizi. Kwa hiyo Kaka, yaani kaka yake Beichee, mkubwa wake kwa miaka sita na aliyemfundisha kazi yote, aliandika programu, akaiita Mlinzi. Kila dakika Mlinzi alichungulia ukurasa wa kampuni kuona kama pana mashine ya bei chee, na akiiona anapiga king'ora. Halafu anazungukia mashine zilizokwisha kukodiwa, anaziuliza moja moja kama ziko hai.

Na Kaka alikuwa na mtindo wake. Mashine hakuzipa namba, alizipa majina ya watu wa nyumbani. "Ukisema namba kumi na saba imezimika, utaendelea kula," alikuwa akisema. "Ukisema Shangazi amezimika, utakimbia bila viatu." Ya kwanza akaiita Kaka, kwa kujipenda. Ya pili Shangazi, kwa heshima ya shangazi yao aliyewalea na bado anaishi nao. Ya tatu Kipusa, binti wa Beichee, aliyekuwa na miaka saba, mapengo mawili na maswali elfu. Basi kila dakika, mchana na usiku, Mlinzi aliandika: *Kaka, upo? Shangazi, upo? Kipusa, upo?* Na kila mashine, huko ughaibuni, ikajibu: *Nipo.* Isipojibu, Mlinzi anaandika *Hayupo*, mstari unakuwa mwekundu.

Kisha Kaka akaugua. Alikwenda hospitali kwa miguu yake, akarudi amelazwa kwenye gari la watu. Mwezi uleule mashine yake ikaharibika diski, Beichee akairudisha kwa kampuni. Alichoshindwa ni kuufuta ule mstari. Alijaribu. Kidole kinafika kwenye kitufe, kinarudi. Kuufuta kulikuwa ni kumzika mara ya pili, na mara ya kwanza watu walilazimika kumshika mikono yeye mwenyewe. Akauacha. Mlinzi naye, programu haijui matanga, akaendelea: *Kaka, upo?* Kimya. *Hayupo.* Dakika inayofuata: *Kaka, upo?* Kimya. *Hayupo.*

Sasa imejibu.

Mtu mwenye akili timamu angeogopa. Beichee alimwandikia mhudumu wa kampuni kwenye dirisha la mazungumzo.

"Ile mashine niliyorudisha, mmeiwasha tena?"

Mhudumu alikwenda kutazama. Dakika kumi. Akarudi.

"Bwana, hiyo nafasi kwenye kabati letu haina mashine. Iko tupu tangu mwaka jana. Pana tundu na waya unaning'inia."

"Lakini inanijibu."

"Huwezi kujibiwa na tundu, bwana. Kuna lingine nikusaidie?"

Beichee akacheka. Akajiambia wazembe hawa hawajui hata mali yao, hii ni mashine ya bure. Akapiga picha ya kioo, akaituma kwenye kundi la mtandaoni la wavizia bei, watu mia nne na kumi na wawili, hao hao aliowagawia programu ya Mlinzi mwaka uliopita kwa kutaka sifa. Aliwagawia yote, na orodha ya majina ya nyumbani kwake ikiwa ndani kama mfano. "Mtabadilisha wenyewe muweke zenu," aliwaandikia siku ile, na unawajua watu wa bure. Safari hii aliandika: "Mashine niliyoirudisha bado inafanya kazi na silipi hata shilingi. Nani kama mimi?" Wakammiminia vipicha vya vikombe vya pongezi.

Mama Kipusa alikuwa amesimama nyuma yake, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Shule aliiacha mapema, lakini vipimo humwibii.

"Hiyo namba ya pembeni ni nini?"

"Muda wa jibu. Unakata sekunde moja vipande elfu. Hawa wawili wanajibu kwa vipande mia na themanini, kwa sababu swali linavuka bahari, linagonga, linarudi."

"Na Kaka?"

Beichee hakuwa ameitazama. Ilikuwa sifuri.

"Hiyo ni hitilafu," alisema.

"Mtu akikujibu hapohapo ulipomwita," Mama Kipusa alisema polepole, "huyo hayuko ng'ambo. Yuko chumbani."

Wakatazamana. Feni ya dari ilikuwa inazunguka, joto halipungui, na kutoka upande wa kabati la nyaya ilikuja harufu ya udongo, ule wa chini kabisa, uliochimbuliwa sasa hivi na kuachwa juani.

Beichee alilisogeza kabati, akatazama nyuma. Vumbi, kifungo cha shati, na mende mmoja aliyekufa kifudifudi. Akalirudisha. "Umeona?" alisema kwa sauti kubwa kuliko alivyohitaji.

Siku tatu zikapita na nyumba haikutulia. Si kwamba kulikuwa na mambo. Kulikuwa na dakika. Kila dakika kompyuta inatoa kile kisauti chake, *ting*, swali limekwenda, na kila mmoja alijikuta ameacha alichokuwa anafanya, kijiko nusu ya njia, uzi nusu ya tundu la sindano, mpaka jibu lirudi ndipo anaendelea. Hawakuambizana. Beichee alianza kuamka kitini, kukaa, kuamka. Alikunywa maji bila kiu. Mbwa wa jirani, aliyezoea kulala kivuli cha ukuta wao, akahamia ng'ambo ya barabara kwenye jua kali, akawa anaitazama nyumba ulimi nje.

Siku ya tatu, alasiri, Mama Kipusa alichemsha chai akaita kama anavyoita siku zote, "Shangazi, upo?"

"Nipo," Shangazi akajibu kutoka stoo.

Mama Kipusa akabeba kikombe kuelekea stoo. Alipopita mlango wa mbele akamwona Shangazi amekaa kwenye kizingiti, nje, na kanga yake begani, anatazama barabara. Akasimama katikati, chai ikamwagika juu ya kidole chake na hakuisikia.

"Shangazi," alinong'ona.

Shangazi hakugeuka. Mwanamke aliyeweza kusikia sarafu ikianguka nyumba ya tatu, anaitwa hatua mbili na hageuki. Mama Kipusa akamzunguka mbele. Macho yalikuwa wazi, yanapepesa sawasawa, pumzi inaingia na kutoka, ila hakukuwa na mtu nyuma ya macho hayo, kama dirisha la nyumba ambayo wenyewe wamehama na kusahau pazia.

Na kutoka stoo, kwa sauti ileile ya Shangazi, yenye mkwaruzo wa tumbaku na utani: "Nipo."

Beichee alikimbilia kompyuta. Mstari wa Shangazi ulikuwa kijani kibichi, mzuri tu, na ndiyo sababu siku tatu hakuna aliyeutazama, nani anatazama kijani. Namba ya pembeni ilikuwa sifuri. Akafungua kumbukumbu za nyuma. Jumatano mia na themanini. Jumatano jioni mia na ishirini. Alhamisi sabini. Ijumaa asubuhi tisa. Kitu kilikuwa kinatembea kuja, kinapunguza njia, na kilipofika Shangazi akaondoka.

Kisha akautazama mstari wa tatu.

Kipusa: mia na arobaini.

Ting. Mia thelathini na nane.

"Kipusa yuko wapi?" aliuliza.

"Anaandika kazi ya shule sebuleni," Mama Kipusa alisema. "Usimwite. Usimwite kwa sauti, baba, tafadhali. Nenda ukamwone kwa macho."

Alikuwa pale, amelala kifudifudi sakafuni, miguu juu, anachora nyumba yenye madirisha mengi.

"Baba, kwa nini Shangazi yuko stoo na yuko nje?"

Beichee alikaa chini, akamkumbatia kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika kwamba anamkunjia daftari.

Aliyepigiwa simu ni Godoro. Godoro alikuwa mtabibu wa majini kwa kurithi na muuza magodoro kwa kupenda, na ukimuuliza kipi kinamlipa atakuuliza wewe unalalia nini. Alifika kwa pikipiki ya kukodi jua likiwa limeanza kuinama, mikono mitupu, shati limechomekwa vizuri. Alimtazama Shangazi kizingitini muda mrefu. Alinusa. Akaingia stoo peke yake, akatoka haraka kuliko alivyoingia, akaomba maji.

"Niambie kazi yako," alimwambia Beichee. "Yote. Usirembe."

Beichee akaeleza, na kwa mara ya kwanza maishani alieleza bila kujisifu. Mashine, majina, Mlinzi, kila dakika.

"Kila dakika," Godoro alirudia. "Kwa siku ni mara ngapi?"

"Elfu moja mia nne na arobaini."

"Mwaka na miezi minne." Godoro akajifuta uso. "Mdogo wangu, jini ni mpangaji kama wapangaji wengine. Anazunguka anatafuta nyumba yenye jina mlangoni na mwenyewe hayupo. Watu wanajitahidi kufunga milango. Wewe umekaa hapa, unalitaja jina la marehemu, unasubiri kwa adabu, halafu unaandika hayupo. Mara elfu moja mia nne na arobaini kwa siku. Umemtangazia nafasi. Hata mimi ningekuja."

"Lakini Kaka amekufa. Shangazi na mtoto wako hai."

"Jina la marehemu halina mwili wa kulalia. Ameingia akakuta kitanda hakuna, akatazama orodha. Wa pili nani, wa tatu nani." Akapunguza sauti. "Shangazi ni mzee, mwili wake ameuonja tu na kuuegesha pale mlangoni. Anamtaka mwenye miaka mingi mbele."

Ting, ikasema kompyuta. Tisini na moja.

"Zima," Mama Kipusa alisema. "Zima hicho kidude sasa hivi."

Beichee akamzima Mlinzi. Akachomoa na waya ukutani. Kioo kikawa cheusi, na wote watatu wakashusha pumzi, na hapo ndipo simu ya Beichee mfukoni iliposema ting.

Themanini na nne.

"Wako wangapi hawa walinzi?" Godoro aliuliza.

Beichee aliona aibu kujibu. Fundi mzuri haachi mlinzi mmoja. Mlinzi akilala nani atamlinda? Kaka alimfundisha kuweka wa pili kwenye moja ya mashine za ng'ambo, amlinde wa kwanza. "Yuko mmoja mwingine," alisema. "Yuko ndani ya mashine ya Kipusa, ananitumia ripoti kwenye simu. Naweza kuirudisha kwa kampuni, ni kubonyeza mara mbili, wanaifuta saa hiyohiyo."

"Na mtoto akiwa nusu yuko huku na nusu kule, ukaifuta? Usibonyeze. Kwanza atoke yeye, halafu unafuta. Hana jina lingine?"

Wazazi wakatazamana. Kipusa alikuwa na jina la cheti cha kuzaliwa, alilopewa na mama yake, ambalo hata mwalimu wake hulitaja mwanzo wa mwaka tu. Halikuwa kwenye orodha yoyote. Mimi nalijua, na sitaliandika. Ulikuwa unajiuliza kwa nini humu ndani hakuna jina la mtu hata mmoja. Sasa unajua.

"Hiyo ndiyo kamba," Godoro alisema. "Mama ndiye atamvuta. Usimuulize kama yupo. Usiulize kitu chochote. Mwambie aje."

Sitini. Arobaini na tano. Giza lilikuwa linaanza kukaa kwenye pembe za sebule na hakuna aliyethubutu kuamka kuwasha taa, kwa sababu kuamka kungemwacha mtoto na mkono mmoja pungufu wa kumshika. Kipusa alikuwa ameacha kuchora. Alikaa katikati yao, kalamu mkononi, anasikiliza kitu.

"Mama, Baba Mkubwa ananiita," alisema.

"Usiitike," Beichee alinong'ona.

"Ananiita vizuri. Anasema kuna nafasi."

Kumi na mbili, ikasema simu, na ile harufu ya udongo ikaingia kutoka stoo ikitambaa sakafuni, ikapanda magotini mwao, na cherehani ambayo hakuna aliyeigusa ikaanza kukimbia chumba cha pili, ikishona hewa, sindano ikigonga chuma tupu mfululizo, na juu ya mlio huo zikaja sauti, ya Kaka upande wa kabati, ya Shangazi upande wa stoo, zikipokezana bila kuulizwa, nipo, nipo, nipo, kila moja ikiwa karibu kuliko iliyotangulia, mpaka Beichee hakujua tena kama anazisikia kwa masikio au zimo ndani ya meno yake, na simu ikasema nne, na mkono mdogo aliokuwa ameushika ukalegea kama mkono wa mtoto aliyepitiwa na usingizi, ila macho ya Kipusa yalikuwa wazi, yanapepesa sawasawa, na mdomo wake ukafunguka, na kutoka sebuleni, kutoka kifuani mwa binti yake mwenyewe, sauti nene ya mtu mzima ikasema kwa raha, kama mtu aliyefika nyumbani na kuvua viatu:

"Nipo."

Sifuri.

Mama Kipusa hakupiga kelele. Aliweka mdomo kwenye sikio la mtoto, akalitaja lile jina, la cheti, taratibu, kama anavyolitaja mtu anayempa mtoto jina kwa mara ya kwanza. "Njoo," alisema. "Njoo kwangu. Njoo, mama."

"Nipo," ilisema ile sauti.

"Sikukuita wewe. Njoo, mwanangu."

Godoro alimkamata Beichee shingoni. "Aliingilia mlango wa nani?"

"Kaka."

"Ufunge. Kwa mkono wako na kwa mdomo wako. Hatatoka kama mwenye nyumba bado anamsubiri."

Beichee akafungua orodha kwenye simu. Mstari wa kwanza, kijani. Kidole kikafika kwenye kitufe, na kikarudi, kama kilivyorudi mwaka mzima. Kutoka kabatini sauti ya Kaka, ile halisi, yenye kikohozi cha mwisho, ikamwambia, "Mdogo wangu, utanifuta?"

Beichee alikuwa analia kama mtoto wa chekechea, na simcheki.

"Kaka hayupo," alisema. Ilikuwa mara ya kwanza kuyasema maneno hayo kwa mdomo wake. "Kaka amekufa. Nilimwona. Nilimvisha. Hapa hakuna nafasi."

Akabonyeza.

Cherehani ikakwama. Kitu kikapita katikati yao, kizito, cha moto, kikaelekea mlangoni na kumpita Shangazi pale kizingitini mpaka kanga yake ikapeperuka, na ng'ambo ya barabara mbwa akaanza kubweka, akabweka akifuata kitu kisichoonekana hadi mwisho wa mtaa. Kipusa akavuta pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kama aliyeibuka majini.

"Mama, unanibana."

Beichee akabonyeza mara mbili. Mashine ya Kipusa ikarudi kwa kampuni, ikafutwa. Ya Shangazi ikafuata. Simu ikawa kimya. Walisubiri dakika moja, wakasubiri ya pili, wakasubiri kumi.

"Hivi humu ndani mtu anakufa na kiu ndipo apewe chai?" Shangazi aliuliza kutoka kizingitini.

Wakacheka mpaka ikawa aibu. Godoro alikataa malipo, akawauzia godoro.

Beichee aliwatafutia wateja wake fundi mwingine, akaanza kutengeneza simu zilizovunjika vioo. Nyumbani wakaweka sheria: hakuna kuuliza mtu kama yupo. Unagonga, unaingia, unatazama. Kipusa alirudi shule, akang'oka jino la tatu. Mbwa akarudi kivulini.

Siku ya tisa, Beichee alikuwa mezani, bisibisi mkononi, mtoto chumba cha pili anacheza, Mama Kipusa ametoka kupeleka gauni.

"Nipo," Kipusa akasema.

Beichee akainua kichwa. Hakuna aliyemwita. Akagonga ukutani, akaingia, akatazama. Alikuwa anapanga vifungo vya mama yake kwa rangi.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mimi."

Akarudi mezani. Akatazama saa ya ukutani, ile ya mshale mwembamba mwekundu, ukazunguka, ukapanda, ukafika juu kabisa.

"Nipo," Kipusa akasema.

Hapo ndipo alipokumbuka kundi. Aliitupa bisibisi, akachukua simu. Aliwaandikia wote mia nne na kumi na wawili: ile programu ya Mlinzi niliyowapa, ina majina ya mfano, Kaka, Shangazi, Kipusa, nawaomba kwa heshima ya mama zenu, futeni majina hayo, futeni leo. Hakueleza. Nani angemwelewa?

Mmoja akajibu upesi, na kipicha cha kikombe cha pongezi mwishoni.

"Kaka na Shangazi wote wako nyekundu, nimeshawafuta. Ila hako ka Kipusa tuachie, mkubwa. Kote tunakoita, kila dakika, kanatujibu kwa sifuri."

Mshale mwekundu ulikuwa unapanda. Beichee aliziba masikio kwa viganja vyote viwili, akafumba macho, akahesabu.